Mchuma Janga na Ada ya Mwanawe

Kila mwaka, shule zinapokaribia kufunguliwa mwezi wa Januari, boti za asubuhi zitokazo Unguja kwenda Dar es Salaam huwa na abiria wa namna ya pekee. Ni watoto wa miaka 13 au 14, wamevaa viatu vipya vinavyowabana, na kando yao yamewekwa masanduku ya bati, magodoro yaliyofungwa kwa kamba, na ndoo. Wanakwenda Bara kusoma dakhalia. Wafikapo ng'ambo hutawanyika: wako washikao barabara ya Morogoro hadi Kibaha, mwendo wa kilomita 40 hivi, na wako washikao njia ya Pugu, wakapanda vilima hadi Kisarawe. Wengi wao husindikizwa na baba zao. Wachache husindikizwa na mjomba, au na mwalimu wa madrasa, na ukiuliza baba yuko wapi hujibiwa neno moja tu: kasafiri.

Safari hiyo sote twaijua. Msafiri wake hakuchukua pasipoti wala hakuaga majirani. Yuko Ukonga, au Segerea, au Kilimani, na mwenye kujua siku ya kurejea kwake ni hakimu, na pengine hata hakimu mwenyewe bado hajajua.

Wahenga walisema mchuma janga hula na wa kwao. Walisema hivyo ili kumwonya mchumaji. Hawakusema hivyo ili kuwahalalishia majirani kukaa barazani na kuwatazama wa kwao wakila. Leo tunapenda kuzungumza na wasomaji wetu wa Unguja, Pemba na Mafia, na pia na wakubwa walio katika ofisi za Serikali zetu zote mbili, juu ya watoto hao ambao baba au mama yao yumo kifungoni, na juu ya nani awasomeshe.

Tuanze na jambo ambalo wengi hawalifikirii. Yatima, kwa desturi zetu, ana haki inayojulikana. Dini zimemtaja, jumuiya zimeundwa kwa jina lake, vituo vimejengwa, na mwezi wa Ramadhani ukiingia hakuna tajiri wa mjini ambaye hakumkumbuka. Tena yatima ana karatasi: cheti cha kifo cha mzazi. Karatasi hiyo hufungua milango. Akiomba nafasi katika kituo ataulizwa cheti. Akifika chuo kikuu na kuomba mkopo kwa Bodi ya Mikopo, cheti hicho ndicho kitakachothibitisha kwamba yeye ni mwenye shida kuliko wenziwe. Sasa mtoto wa mfungwa atoe karatasi gani? Baba yake yu hai. Anakula chakula cha Serikali na kulala chini ya bati la Serikali. Lakini chungu cha nyumbani kwake kimekauka sawasawa na kile cha marehemu, na pengine kimekauka zaidi, kwa kuwa marehemu hapelekewi sabuni wala hahitaji wakili.

Mama mmoja wa Pemba alitueleza yaliyompata alipokuwa akimtafutia mwanawe mfadhili. Alielekezwa kwa watu fulani wenye kusomesha watoto katika shule za bweni za Mkoa wa Pwani. Walimpokea vizuri, wakamsikiliza, kisha wakamwambia alete cheti cha kifo cha mumewe. Aliposema kwamba mumewe hakufa bali yuko mahabusu Dar es Salaam, waliinamisha vichwa, wakasema utaratibu wao ni wa yatima tu. Alipotoka nje, mtu mmoja aliyekuwa akisubiri zamu yake alimnong'oneza kwamba mambo hayo ni mepesi, aseme tu mume amekufa, karatasi haikosi kupatikana. Mama huyo alitujia na maneno haya: "Nimzike mtu ambaye Jumapili iliyopita nimempelekea sabuni na mswaki?"

Hatutaki kuwalaumu wenye utaratibu ule. Waliochanga fedha walichanga kwa nia ya yatima, na mwenye kushika amana hana ruhusa ya kuigeuza apendavyo. Lakini tunasema kwamba utaratibu unaomlazimisha mtoto kumwua baba yake kwa ulimi ili apate madaftari una kasoro, na kasoro hiyo yaweza kuondolewa kwa kuongeza maneno machache katika fomu. Yatima, na mtoto ambaye mlezi wake yumo gerezani. Basi.

Kwa watu wa visiwani jambo hili si hadithi ya mbali. Wazee wetu wanakumbuka miaka iliyofuata Mapinduzi ya 1964, na wanakumbuka hasa kilichofuata kuuawa kwa Mzee Karume tarehe 7 Aprili 1972, pale watu wengi walipokamatwa. Baadhi yao, akiwamo Abdulrahman Babu, walishikwa Bara na kuwekwa katika magereza ya huko hadi mwaka 1978. Watoto wa watu wale walikua wakilelewa na bibi, shangazi na majirani. Wengine walisoma, wengine hawakusoma, na tofauti mara nyingi ilitokana na kuwapo au kutokuwapo kwa shangazi mwenye moyo na kijishamba cha mikarafuu.

Na wasio wazee wanakumbuka ya juzi. Viongozi wa Jumuiya ya Uamsho na Mihadhara ya Kiislamu Zanzibar walikamatwa Oktoba 2012. Mwaka 2014 masheikh hao pamoja na wenzao walifikishwa mahakamani Dar es Salaam kwa mashtaka ya ugaidi, chini ya Sheria ya Kuzuia Ugaidi ya mwaka 2002. Makosa hayo hayana dhamana. Basi wakakaa mahabusu, kesi ikiitwa na kuahirishwa, hadi Juni 2021 Mkurugenzi wa Mashtaka alipoyaondoa mashtaka na wao wakarejea nyumbani. Hatuandiki hapa kuamua nani alikuwa na haki katika shauri lile. Mahakama haikufika mahali pa kuamua, na sisi si mahakama. Tunachowaomba wasomaji ni kufanya hesabu ndogo tu. Mtoto aliyeandikishwa darasa la kwanza mwaka 2014, baba alipopelekwa Bara, alikuwa amekwisha kuingia sekondari baba aliporudi mwaka 2021. Kujifunza kusoma, kuhifadhi jedwali la kuzidisha, kukaa kwenye mtihani wa kumaliza shule ya msingi, yote yamepita, na baba hakuona hata daftari moja. Hakuna hukumu iliyotolewa juu ya baba. Miaka ya mtoto imekwenda hata hivyo.

Ndiyo maana tunasema mahabusu na mfungwa wasitenganishwe katika jambo hili. Mfungwa angalau anajua miaka yake. Mkewe aweza kupanga, akauza ng'ombe mwaka huu na mnazi mwaka ujao. Mke wa mahabusu hana la kupanga. Kila siku kumi na nne huambiwa upelelezi haujakamilika, naye huahirisha maisha yake pamoja na kesi.

Na hao waliohukumiwa kwa haki je? Hatusemi kwamba kila aliye ndani ameonewa. Wamo wezi, wamo wauza dawa za kulevya, wamo walioua. Tunajua kwamba msomaji mwenye hasira atatuuliza: mtoto wa aliyeibiwa, mtoto wa aliyeuawa, yeye nani amsomeshe? Swali hilo ni zito na halistahili kujibiwa kwa kulikwepa. Mtoto wa aliyeuawa ana haki ya kwanza, na akinyimwa yeye akapewa mwingine, hapo ufadhili umegeuka kuwa dhihaka. Lakini hawa wawili hawagombei kiti kimoja. Aweza mmoja kukaa dawati la mbele na mwingine dawati la nyuma, katika darasa lile lile la Kibaha, na mwalimu asijue yupi ni yupi. Wenye kupendekeza kwamba wa pili atolewe nje hutuletea methali ya mtoto wa nyoka ni nyoka. Hiyo ni methali ya wawindaji, haifai kutumika katika ofisi ya mwalimu mkuu. Binadamu hazaliwi na sumu, na kama kuna njia ya kumtia sumu asiyokuwa nayo, basi ni kumwambia kila asubuhi kwamba anayo.

Sheria nayo imesema. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 kwa Bara, na Sheria ya Mtoto ya Zanzibar ya mwaka 2011, zote zinakataza mtoto kubaguliwa. Tanzania iliridhia Mkataba wa Haki za Mtoto wa Umoja wa Mataifa mwaka 1991. Mkataba wa Afrika juu ya Haki na Ustawi wa Mtoto, uliopitishwa mwaka 1990 na nchi yetu kuuridhia mwaka 2003, una ibara nzima, ya 30, juu ya watoto ambao mama zao wamefungwa. Na kamati ya wataalamu wa mkataba huo ilieleza mwaka 2013 kwamba ulinzi huo unamgusa pia mtoto ambaye mlezi wake mkuu ni baba au ndugu mwingine. Kwa hiyo afisa anayesema kwamba jambo hili halimo katika majukumu yake, tunamwomba afungue kabati.

Sasa tuzungumze fedha, kwa kuwa huruma bila fedha haimnunulii mtu kalamu. Wako watakaosema: elimu ni bure, ufadhili wa nini? Ni kweli, na ni jambo la kujivunia. Zanzibar ilitangaza elimu bila malipo tarehe 23 Septemba 1964, nchi ikiwa bado changa mno. Bara ilifuta ada hadi kidato cha nne kuanzia Januari 2016, na mwaka 2022 ikaongeza kidato cha tano na cha sita. Lakini kilichofutwa ni ada. Sare haikufutwa, wala viatu, wala nauli ya daladala, wala uji wa saa nne, wala rimu ya karatasi, wala taa ya kusomea usiku. Katika nyumba yenye baba, vitu hivi hununuliwa kimoja kimoja bila mtu kuvitambua. Baba akiondoka ndipo vinapohesabika, na mara nyingi wa kwanza kusimamishwa shule ni mtoto wa kike, ambaye huambiwa asubiri kidogo amsaidie mama kukaanga vitumbua. Kusubiri huko kidogo tumekuona kukichukua miaka.

Wenye kudhani kwamba fedha kidogo haziwezi kuleta tofauti, na wasafiri hadi vijiji vya Kibaha. Huko, pamoja na Bagamoyo na Chamwino, ndiko Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, TASAF, ulikojaribu kwa mara ya kwanza kuzipa kaya maskini fedha za mkononi kwa masharti. Malipo yalianza Januari 2010, kila baada ya miezi miwili, katika vijiji 40 vya wilaya hizo tatu, na kamati za wanavijiji wenyewe ndizo zilizochagua kaya. Sharti lilikuwa kwamba watoto wadogo wapelekwe kliniki na wenye umri wa kusoma wahudhurie shule. Jaribio lile ndilo lililozaa mpango mkubwa ulioenea baadaye nchi nzima, Unguja na Pemba zikiwamo. Tunapenda hasa hilo la kamati za wanavijiji. Ofisi iliyo mbali humwona maskini katika takwimu. Jirani anajua nani amelala bila kula, na anajua pia kwamba nyumba ya fulani imekuwa maskini tangu mwezi wa Machi, siku polisi walipokuja. Umaskini wa kufungwa mzazi huja ghafula. Nyumba yenye mabati na televisheni yaweza kukosa unga ndani ya wiki tatu, na mwenye kuandikisha maskini akiyatazama mabati hayo ataipita. Tunawaomba wenye kusimamia mpango huo, Bara na Visiwani, walitazame jambo hili kwa jicho hilo.

Kibaha ina mfano mwingine, mkongwe zaidi. Wasomaji wengi wamesikia habari za Shirika la Elimu Kibaha, lenye sekondari inayotoa wanafunzi bora miaka nenda rudi. Shirika hilo lilianza mwaka 1963 kama mradi wa Tanganyika pamoja na nchi za Uswidi, Norwei, Denmaki na Ufini, likakabidhiwa kwa Serikali yetu mwaka 1970. Pale palijengwa shule, kituo cha afya na chuo cha wakulima, vyote mahali pamoja, kwa kutambua kwamba mtoto mgonjwa hasomi na mtoto wa mkulima mwenye njaa hasomi. Wafadhili wale walikuja na tarehe ya kuondoka, na walipoondoka shule haikufungwa. Ni somo kwa wafadhili wa leo, ambao baadhi yao huja na kamera na kuondoka na kamera.

Kisarawe nayo ina historia inayowagusa watu wa Unguja kuliko wanavyodhani. Chuo cha Mtakatifu Andrea cha Minaki, ambacho leo ni Shule ya Sekondari ya Minaki, hakikuanzia Minaki. Kilianzia Kiungani, nje kidogo ya mji wa Zanzibar, katika karne ya 19, na kilihamishiwa vilima vya Kisarawe mwaka 1925. Wanafunzi wa mwanzo wa Kiungani walikuwa watoto waliookolewa kutoka katika majahazi ya watumwa: watoto wenye wazazi ambao hawakujulikana walipo. Wamisionari waliowachukua walikuwa na makusudi yao, na haya si mahali pa kuyapima. Lakini kusomeshwa na mtu baki, mbali na kwao, kwa sababu mzazi yuko katika minyororo mahali fulani, ni jambo ambalo pwani hii imelijua zaidi ya miaka mia na hamsini, na njia ya kutoka Unguja hadi Kisarawe haikuanza kupitwa leo.

Hapa tunataka kusema neno ambalo huenda halitawapendeza baadhi ya wafadhili. Imekuwa desturi kwamba mtu akitaka kumsaidia mtoto wa mfungwa, la kwanza analolifikiria ni kumwondoa: ampeleke dakhalia Kibaha, Kisarawe, mbali na maneno ya mtaani. Nia ni njema, na kwa watoto wengine ni dawa hasa. Mtoto anayeitwa jina la kosa la baba yake kila aendapo kisimani anahitaji mahali ambapo hakuna anayemjua. Lakini wako ambao kuondolewa ni kufiwa mara ya pili. Baba kachukuliwa na askari, sasa mama naye kaachwa ng'ambo ya bahari, na wadogo zake wako na bibi. Mtoto wa namna hii hulala na sare, hukojoa kitandani akiwa na miaka 12, na bwana bweni asiyejua habari zake humchapa. Fedha zinazolipa mwaka mmoja wa bweni la shule ya binafsi huenda zingewatosha watoto watatu wa nyumba hiyo katika shule ya Serikali iliyo karibu nao, pamoja na mtaji mdogo wa mama. Mfadhili amwulize mama kwanza, kisha amwulize mtoto. Asiamue peke yake kwa kuwa kitita kimo mfukoni mwake.

Na akishaamua kumpeleka bweni, basi amalize. Kumlipia mtoto kidato cha kwanza na cha pili, kisha kunyamaza mwaka wa tatu kwa sababu biashara imelegea au kwa sababu kesi ya baba imesahauliwa na watu, ni kumweka juu ya mnazi na kuondoka na ngazi. Afadhali kumchukua mmoja kwa miaka minne kuliko wanne kwa mwaka mmoja. Ada na ilipwe shuleni moja kwa moja, stakabadhi itolewe, na mama apewe nakala yake. Picha ya mtoto isichapishwe. Tunasema hivi tukijua kwamba gazeti nalo lina dhambi zake katika jambo hili: ni mara ngapi tumeona picha ya mtoto amesimama mbele ya hundi kubwa ya karatasi, na chini yake maandishi yanayotaja kosa la baba yake? Hundi ile hukunjwa siku ile ile. Picha itamfuata hadi siku atakapoposa.

Walimu wakuu nao wana sehemu yao. Habari za mzazi kuwa gerezani ni siri kama ya daktari; zikae katika faili la mwalimu mkuu na mwalimu wa malezi, zisifike kwa viranja. Siku ya wazazi, anayekuja kwa niaba ya baba apokewe kama baba. Na mtoto asilazimishwe kwenda kumwona aliye ndani, wala asizuiwe. Wako wanaotaka kwenda kila mwezi. Wako ambao aliyefungwa ndiye aliyempiga mama yao hadi akalazwa, na hao wakisema hawataki, waachwe.

Kwa maofisa wa Serikali tuna maombi machache, na yote yanawezekana bila kusubiri bajeti. Katika msamaha wa tarehe 9 Desemba 2019 walitajwa wafungwa 5,533. Katika ule wa tarehe 26 Aprili 2021 wakatajwa 5,001. Hizo ni hesabu za watu wazima walioachiwa au kupunguziwa vifungo vyao. Watoto waliokuwa wakiwasubiri hawakutajwa katika hesabu. Tunapendekeza kwamba mtu anapopokewa gerezani, Bara au katika vyuo vya mafunzo vya Zanzibar, aulizwe kama ana watoto wanaosoma, wanasoma wapi, na nani amebaki nao. Kisha habari hiyo, kwa ridhaa yake, ifike kwa Afisa Ustawi wa Jamii wa wilaya anakotoka. Mtu wa Kilindoni aliyefungwa Bara, mkoa wake ni Pwani na makao makuu yake ni Kibaha. Barua kutoka Kibaha hadi Mafia haina sababu ya kuchukua muda mrefu kuliko mtu anayevuka kwa Nyamisati. Kisha sheha, au mtendaji wa kijiji, apewe uwezo wa kuandika barua ya kumthibitisha mlezi, ili shule, bodi ya mikopo na mfadhili wapate ile karatasi ambayo leo hawaipati.

Ombi la mwisho ni gumu kidogo. Katika kesi za ugaidi na nyingine zinazofanana nazo, watu wema huogopa. Jirani aliye tayari kumnunulia mtoto madaftari hujiuliza: je, nikionekana nikitoa fedha kwa nyumba ile, na mimi si nitaitwa mfadhili wa uhalifu? Hofu hiyo si ya kijinga, kwa kuwa sheria inawaadhibu wenye kuugharamia ugaidi, na haki yake kuwaadhibu. Basi Serikali na iseme waziwazi, kwa waraka, kwamba kulipa ada katika shule iliyosajiliwa, kwa stakabadhi, kwa jina la mtoto, hakumtii mtu mashakani, hata baba wa mtoto huyo awe ameshtakiwa kwa kosa gani. Waraka wa ukurasa mmoja watosha. Usalama wa nchi hautapungua, na wala hatuoni mpelelezi atakayepoteza ushahidi kwa sababu mtoto wa darasa la tano amepata sare.

Tumalizie habari za yule mama wa Pemba. Karatasi ya uongo hakuitafuta. Alirudi kwa sheha wake, akaandikiwa barua inayosema kweli tupu, kwamba mume yuko mahabusu, kwamba watoto ni wanne, na kwamba mama anauza samaki wa kukaanga. Watu watatu wa mjini, ambao wametukataza kuwataja, waligawana gharama. Kijana sasa yuko kidato cha tatu katika shule moja ya Kisarawe. Mama humwona likizo tu, maana safari ya kutoka Pemba ni ndefu na nauli ni ya samaki wengi. Lakini daladala zitokazo Kisarawe kwenda mjini hupitia Pugu na Gongo la Mboto, kisha hufika Ukonga, na kwa hiyo katika nyumba nzima aliye karibu na baba ni yeye. Muhula uliopita, siku aliyopewa ruhusa, alishuka hapo akiwa na ripoti ya shule aliyoikunja ndani ya shati. Baba aliisoma yote, akarudia tena kuanzia juu, kisha akamwuliza kwa nini hesabu zimeshuka.